Kuzalisha ngege na kuwarudisha kwenye maji ya asili: mwongozo kwa vikundi vya Mwanza

Michael Graham alipofanya utafiti wa uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, samaki wa biashara aliyeongoza alikuwa ngege, ambaye kisayansi ni Oreochromis esculentus. Leo unaweza kuzunguka soko zima la samaki Kirumba usimwone. Nyavu za makila, zile za kutega zinazonasa samaki kwenye matundu, zilianza kumpunguza mapema. Miaka ya 1950 akaletwa sato kutoka nje ya ziwa, wakagombania chakula na mazalia na wakaanza kuzaliana pamoja. Sangara, aliyepandwa miaka hiyohiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akamalizia kazi. Ngege waliobaki wamejificha kwenye viziwa vya pembeni na malambo ambako sangara hakufika, kama Ziwa Kanyaboli upande wa Kenya.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha vijana, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) au shule yenye bwawa inayotaka kuzalisha ngege na kuwaachia porini. Mengi ya humu yanamhusu pia mbiru, Oreochromis variabilis. Kwa ningu, samaki mwingine wa asili wa ziwa hili, hayatoshi, kwa sababu hupanda mito kama Simiyu wakati wa mafuriko kwenda kutaga, na mzunguko huo hauigizwi bwawani kwa vifaa vya kawaida.

Kabla ya kununua hata neti moja

Jiulize kwanza kilichowamaliza ngege pale unapotaka kuwaachia, na kama bado kipo. Ukimwaga vifaranga 2,000 kwenye ghuba yenye sangara na sato, umewalisha sangara, na wachache watakaopona watapandana na sato. Kizazi cha tatu hakitakuwa ngege tena. Ndiyo maana tunashauri wazi kabisa: msiachie ngege ziwa kubwa. Tafuteni lambo au kiziwa ambacho hakina sato, hakina sangara, hakikauki kiangazi na hakifurikii moja kwa moja ziwani. Wilaya za Magu, Misungwi na Kwimba zina malambo mengi ya mifugo, ila mengi yamejaa tope. Pimeni kina mwezi wa Septemba, maji yakiwa yameshuka kabisa. Kikibaki chini ya mita moja na nusu sehemu ya ndani kabisa, tafuteni lambo jingine.

Kujua kama lambo lina sato, msitegemee maneno ya watu. Wekeni makila ya matundu tofauti kwa usiku kadhaa, na migono (mitego ya kusuka) pembeni kwenye majani, mkiwa na ruhusa ya afisa uvuvi. Msitumie kokoro, wavu wa kukokota, hata kwa nia njema, kwa kuwa ni zana haramu. Sato akionekana hata mmoja, lambo hilo limetoka kwenye orodha. Kumwondoa sato kwenye lambo lenye maji haiwezekani kwa nyavu peke yake, maana vifaranga hupita katikati ya matundu.

Vibali vianze mapema. Samaki hai hawahamishwi kutoka maji haya kwenda yale bila idhini ya mamlaka za uvuvi, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ndiyo msingi wake. Mlango wa kuingilia ni afisa uvuvi wa wilaya. Mkichota maji ya mto kujaza mabwawa, mtahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Msichimbe bwawa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza. TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) kituo cha Mwanza washirikisheni tangu mwanzo, maana mtawahitaji kwenye jambo linalofuata, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Kupata wazazi walio ngege kweli

Makosa mengi yanazaliwa hapa. Mtu ananunua "ngege" mwaloni, kumbe ni chotara, kisha anawazalisha na kuwasambaza. Ukiharibu hapa huna namna ya kurudi nyuma.

Mwangalie mkia kwanza. Sato ana mistari ya wima, myembamba, iliyopangika kwenye pezi la mkia. Ngege hana mistari hiyo, na kichwa chake ni kidogo. Mbiru ana ukingo wa rangi ya machungwa juu ya pezi la mgongo, na dume aliyekomaa huning'iniza kishada chini ya tumbo karibu na tundu la uzazi. Kwa samaki aliyekufa, fungua tamvua la kwanza uhesabu vichujio, yaani vijimeno vilivyopangika kwenye upinde wake, vya upande wa chini: ngege ana 33 kwenda juu, wakati sato hafikii 30. Akiwa na mkia wenye mistari hafifu na idadi ya katikati, mtilie shaka.

Hata hivyo chotara wa kizazi cha pili anaweza kufanana na ngege kwa kila kitu. Kwa hiyo kila mzazi akatwe kipande cha pezi cha milimita 2 hadi 3, kiwekwe kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 chenye namba yake, na sampuli zipelekwe kupimwa vinasaba kupitia TAFIRI. Mzazi akae peke yake kwenye kizimba chenye namba ileile mpaka majibu yarudi. Msianze kuzalisha kabla. Pesa ya vipimo ikikosekana, mradi usubiri. Bora lambo libaki bila ngege kuliko kuingizwa chotara.

Wazazi watoke kwenye maji yaliyo karibu na yanayofanana na pale mtakapoachia. Chukueni angalau madume 50 na majike 50, kutoka sehemu mbalimbali za kiziwa. Wafugaji wa biashara huweka dume mmoja kwa majike watatu, na kwa kuuza vifaranga ni sahihi. Kwa kazi hii si sahihi. Fomula inayotumika ni mara nne ya madume ukizidisha kwa majike, kisha ugawe kwa jumla yao. Madume 25 na majike 75 ni samaki 100, lakini kwa hesabu hiyo uzito wao wa kurithisha ni wa samaki 75 tu. Hamsini kwa hamsini wanatoa 100 kamili. Kundi likiwa dogo, ndugu wanazaana baada ya vizazi vichache, na samaki wanaanza kudumaa na kufa ovyo.

Kosa jingine la kawaida ni kwenda kununua vifaranga vya dume pekee kwenye mashamba. Wale wamelishwa homoni wawe madume na karibu wote ni sato. Kwenye maji ya asili hawana kazi yoyote ila madhara.

Karantini

Virusi vya TiLV, vinavyoua samaki wa jamii ya sato, vimeshagunduliwa kwa sato wa Ziwa Victoria, kwa hiyo msidhani maji ya kwenu ni salama. Wazazi wapya wakae peke yao siku 21, kwenye tangi ambalo maji yake yanatoka kwenda shambani au kwenye shimo, kamwe yasirudi mtoni. Ndoo na nyavu za karantini zisivuke kwenda kwenye mabwawa mengine. Chawa wa samaki na minyoo inayojichomeka kwenye ngozi huonekana kwa macho. Waogesheni kwa chumvi ya mawe isiyo na madini joto, gramu 10 kwa lita moja, dakika 10 hadi 20 huku mtu amesimama anaangalia. Samaki akianza kulala ubavu, mtoe hapohapo. Wakifa wengi ndani ya siku chache, macho yakiwa yamevimba au ngozi ina vidonda, acheni kila kitu na mwiteni afisa.

Bwawa na vizimba

Bwawa la mita 10 kwa 20 linatosha kuanzia. Likaushwe, limwagiwe chokaa ya kilimo kilo 20, likae wiki moja, kisha lijazwe maji yanayopita kwenye chujio la neti ya matundu ya milimita 1 ili sato wadogo na kambale wasiingie. Ngege hula mimea midogo inayoelea majini, kwa hiyo maji yawe ya kijani. Samadi kavu ya kuku kilo 10 kwa wiki, ndani ya gunia lililofungwa kwenye kigingi, inatosha kwa ukubwa huo. Zamisha mkono ulionyooka: kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kiwikoni, yako sawa. Kikipotea kabla ya kiwiko, ondoa gunia, la sivyo alfajiri oksijeni itakwisha na utawakuta samaki wote juu wanapumua hewa.

Ndani ya bwawa funga vizimba vya neti 10, kila kimoja mita 3 kwa 3 na kina cha mita 1, matundu ya milimita 5. Weka madume 5 na majike 5 kwa kila kizimba, wa gramu 80 hadi 200. Kutofautisha si shida: mgeuze samaki tumbo juu, pangusa kwa kitambaa chenye maji, dume ana matundu mawili na jike ana matatu. Kila mwezi hamisha madume kutoka kizimba kimoja kwenda kingine, maana ukiwaacha, dume mmoja mwenye nguvu atazaa karibu watoto wote wa kizimba chake na hesabu yako ya 50 kwa 50 itabaki kwenye daftari tu.

Jike wa ngege hubeba mayai mdomoni. Utamjua: koo limetuna, hali chakula, na taya linacheza kidogokidogo kama anatafuna. Mkamate taratibu kwa wavu laini chini ya maji bila kumwinua, umhamishie kwenye kizimba chake kidogo cha neti ya milimita 1, mita 1 kwa nusu mita. Ukimtikisa atatema mayai yote. Mwache aatamie mwenyewe. Mayai huanguliwa siku 3 hadi 5, na vifaranga huanza kuogelea kati ya siku ya 10 na ya 14, huku wakirudi mdomoni wakishtuka.

Mashamba mengi hunyang'anya mayai na kuyaangua kwenye chupa zenye maji yanayozunguka, ili jike azae tena haraka. Kwa urejeshaji tunalikataa hilo. Kwenye chupa hata mayai ya mama asiyejua kulea hupona, na polepole unachagua samaki wanaofaa chupani. Marekani wamelipia somo hili kwa jamii ya samoni, ambao wanazalishwa vituoni na kuachiwa mitoni tangu karne ya 19. Utafiti uliotoka mwaka 2007 kwenye jarida la Science, kuhusu steelhead wa Mto Hood huko Oregon, ulionyesha kuwa kila kizazi kinachokuzwa kituoni kinapunguza uwezo wa samaki kuzaa porini kwa karibu asilimia 40. Samaki wanaonekana wazima, wanene, wanang'aa, ila wakifika mtoni watoto hawapatikani. Kwa hiyo vifaranga vya kuachia viwe watoto wa moja kwa moja wa wazazi wa porini. Wajukuu wasiachiwe, na wazazi wabadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Vifaranga vikishaachana na mama, hesabu 60 kwa kila jike. Aliyezaa 400 na aliyezaa 80 wote wachangie 60. Inauma kuwaacha wengine, lakini ukichukua wote, majike wachache wenye uzazi mkubwa watalijaza lambo zima. Wanaobaki wapelekwe bwawa la kitoweo. Majike 50 wakichangia hivyo unapata vifaranga 3,000.

Kulea kwa ajili ya porini

Wakae 50 kwa kila mita ya mraba, siyo mamia kama ya biashara. Wiki tatu za mwanzo ongezea maji ya kijani kwa unga laini wa dagaa na pumba za mpunga, nusu kwa nusu, uliopepetwa kwenye chekecheo la unga. Baada ya hapo punguza hadi usiache kitu ila maji ya kijani katika wiki mbili za mwisho. Samaki aliyezoea kulishwa kwa mkono hukimbilia kila kivuli akidhani ni chakula, na mdiria anamsubiri juu. Usitupe chakula ukiwa umesimama wazi ukingoni. Kipitishe kwenye bomba lililolala chini ya maji. Weka matawi na mabua ya matete ndani wajifunze kujificha. Neti ya juu ya kuzuia mnandi na mdiria ni lazima wakiwa wadogo, na ukiiondoa siku kadhaa mwishoni, utapoteza wachache huku wengine wakijifunza kuzama haraka. Tunaona hasara hiyo inalipa.

Wakifika gramu 5, ambao ni urefu wa sentimita 6 au 7, wawekewe alama. Samoni hukatwa pezi dogo la mafuta mgongoni, ila ngege hana pezi hilo. Mkate pezi la tumbo la kushoto, karibu kabisa na mwili. Ukikata ncha tu litaota upya na alama itapotea. Walewesheni kwanza: changanya mililita 1 ya mafuta ya karafuu na mililita 9 za spiriti, kisha mililita 5 za mchanganyiko huo kwenye lita 10 za maji. Dakika mbili au tatu wanatulia. Wawekwe 20 kwa wakati mmoja, wasizidi, kwa sababu wa mwisho watakuwa wamekaa mno kabla hujawafikia. Baada ya kukatwa wapumzike wiki mbili vidonda vifunge.

Kusafirisha

Watu hupoteza samaki wa miezi mitatu ndani ya saa tatu za barabarani, na mara nyingi sababu ni matumbo yaliyojaa. Samaki aliyeshiba hujisaidia ndani ya mfuko, amonia inapanda, na oksijeni haisaidii tena. Wahamishie kwenye vizimba vilivyo ndani ya tangi la maji safi wasipate chochote saa 24 kabla.

Tumia mifuko ya nailoni ya lita 20, miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine. Pembe za chini zifungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ziwe mviringo, kwa sababu samaki hujibana kwenye pembe na kufa. Weka maji lita 6 yenye chumvi gramu 3 kwa lita, kisha samaki wasiozidi gramu 50 kwa kila lita. Kwa samaki wa gramu 5, hao ni 60 kwa mfuko. Kwa hiyo ukiwa na samaki 2,000, andaa mifuko 34 na kadhaa ya akiba. Kamua hewa yote, jaza oksijeni kutoka kwenye mtungi kama wa mafundi wa kuchomea mpaka mfuko ubonyee kwa shida, na ufunge. Theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni. Mifuko ilazwe kwenye maboksi au ifunikwe magunia yaliyoloweshwa, isikae juani hata dakika za kuagana.

Siku ya kuachia

Muda mzuri ni mwisho wa masika, Aprili kuingia Mei, lambo likiwa limejaa na majani ya ukingoni yamefunikwa na maji. Panga kufika saa kumi alasiri. Saa hizo oksijeni majini iko juu baada ya jua la mchana kutwa, na giza litawakuta wakiwa wamejificha, ndege wamekwenda kulala. Asubuhi mapema ni kinyume: kuna ubaridi mzuri wa safari, lakini oksijeni ya lambo iko chini kabisa.

Elea mifuko majini dakika 20 bila kufungua. Pima joto la ndani na la nje. Likitofautiana zaidi ya nyuzi 2, endelea kusubiri kivulini. Fungua, ongeza maji ya lambo kikombe kimojakimoja kila dakika tano mpaka maji ya mfuko yawe mara mbili. Kisha watoe samaki kwa wavu laini, usimwage maji ya mfuko lamboni. Maji hayo yamwagwe mbali, nchi kavu.

Wasiende huru siku hiyohiyo. Funga kizimba cha neti pembeni mwa matete, wakae humo siku mbili au tatu, halafu ushushe upande mmoja watoke wenyewe. Waliokufa kwa safari utawahesabu humo, kumbe wangekufa bila wewe kujua. Chagua mahali penye matete au mafunjo machache machache yenye maji yanayopenya. Chini ya zulia zito la magugu maji oksijeni huisha kabisa. Idadi isizidi samaki 1,000 kwa hekta, na igawe sehemu tatu au nne za ukingo.

Kabla ya siku hiyo, kijiji kiwe kimekubaliana kwenye mkutano, na muhtasari umeandikwa, kwamba lambo halivuliwi kwa mwaka mmoja. Wazee na wachungaji wawepo, kwa sababu wao ndio wako lamboni kila siku. Bila makubaliano hayo vyandarua vitapita wiki ya pili na kazi imekwisha.

Kufuatilia

Baada ya miezi 3, 6 na 12, weka makila na migono palepale ulipoweka mwanzoni, kwa idadi ileile ya usiku. Kila ngege apimwe urefu, aangaliwe pezi la tumbo, aandikwe, arudishwe. Wenye alama wanakuambia waliopona. Hawa lakini si kipimo cha mafanikio. Unachokitafuta ni samaki mdogo kuliko wale ulioachia, mwenye mapezi yote mawili ya tumbo. Huyo amezaliwa lamboni.

Kama hakuna vifaranga hao baada ya mwaka na wenye alama wapo, tatizo ni mazalia: angalia kama ng'ombe wanakanyaga kingo zote, na uzungushie miiba theluthi ya ukingo. Kama wenye alama nao hawapo, walikufa, walivuliwa au waliliwa, na kuongeza wengine ni kurudia hasara. Wasio na alama wakiwa wengi kwa misimu miwili mfululizo, acha kuachia. Kuendelea ni kuchanganya watoto wa bwawani na watoto wa porini ambao tayari wanajiweza.

Wazazi waliostaafu na vifaranga vya ziada wasimwagwe mferejini wala ziwani. Waliotibiwa dawa au kuleweshwa wazikwe. Wengine ni kitoweo, na ngege wa kukaanga ni mtamu. Bwawa likaushwe, lipigwe chokaa upya, na neti zianikwe juani siku tatu kabla ya kundi jingine kuingia.